Unataka SUV ya dizeli kwa familia? Anza na stiki ya oili

Dizeli yangu ya kwanza ilikuwa Mazda CX-5 ya 2013. Yadi niliyoinunulia siitaji. Niliikagua kama wengi wetu tunavyokagua: nikaizunguka, nikapiga tairi mateke, nikawasha AC, nikasikiliza redio. Wiki ya tatu fundi akachomoa stiki ya oili, ile fimbo ya kupimia kiwango chake, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akaichomoa tena na kuninyooshea. "Oili imepanda, kaka." Mimi nikafurahi, nikijua kumbe gari lina oili ya kutosha. Akanisogezea stiki puani. Ilikuwa inanuka dizeli.

Nilichojifunza baada ya pale, kwa pesa yangu mwenyewe, ndicho nakuandikia hapa.

Kwanza, barabara yako ni ipi?

Usianze na gari. Anza na wiki yako. Kama maisha yako ni Mbezi kwenda Posta kwenye foleni za Dar es Salaam, kupeleka watoto shule kilomita nne, na Jumapili kanisani au sokoni, nunua ya petroli uende zako. Dizeli za kisasa zina DPF, yaani chujio linalonasa masizi kwenye njia ya moshi. Chujio hilo likijaa, gari linajisafisha lenyewe kwa kuyachoma yale masizi kwa joto la karibu nyuzi 600. Ili kufikia joto hilo, injini inapuliza dizeli ya ziada, na inahitaji itembee mfululizo kwa dakika kumi na tano au ishirini bila kuzimwa. Kwenye foleni ya Mwenge hilo halitokei. Usafishaji unaanza, unakatishwa, unaanza tena. Ile dizeli ya ziada inapenya kando ya kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Oili inapanda, inakuwa nyepesi kama maji, na turbo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini na kuitegemea oili hiyo, inaanza kufa taratibu.

Lakini kama kila mwezi una safari ya Dodoma, au una shamba Morogoro, au Desemba ikifika lazima ukoo mzima ukahesabiwe Moshi, dizeli ni raha nyingine kabisa. Gari limejaa watu saba na mizigo juu, unaupanda mlima Kitonga bila injini kupiga kelele.

Hesabu ya mafuta tuifanye wazi. Tuseme petroli inakupa kilomita 9 kwa lita na dizeli 13, na lita ni shilingi 3,000. Ukitembea kilomita 25,000 kwa mwaka, unaokoa kama lita 855, zaidi ya milioni mbili na nusu. Ukitembea kilomita 8,000 tu, unaokoa lita 274, kama laki nane na ishirini. Sasa muulize fundi wako bei ya nozeli (vipulizia mafuta) nne mpya za dizeli ya kisasa. Mtu wa kilomita 8,000 ataila akiba ya miaka kadhaa kwa tatizo moja.

Na hapa ndipo wengi tunapotapeliwa na macho yetu. Tunaona kwenye karatasi ya mnada wa Japani gari la miaka kumi lenye kilomita 30,000, tunaruka kwa furaha. Kwa petroli, sawa. Kwa dizeli, jiulize: kilomita 3,000 kwa mwaka ni safari za namna gani? Ni za dukani na kurudi. Hizo ndizo zinazoziba DPF na kujaza kaboni kwenye njia ya hewa. Mimi leo nikipewa CX-5 mbili, moja ya kilomita 35,000 na nyingine ya 95,000 yenye rekodi ya kubadilishwa oili, nachukua ya pili.

Mpangilio wangu

Nimepanga kwa familia ya kawaida inayotumia zaidi lami, inayonunua gari lililotumika. Familia yako ikiwa inaishi mwisho wa barabara ya vumbi, namba moja na namba mbili zibadilishane nafasi.

1. Mazda CX-5 2.2 ya 2018 kuendelea, au kaka yake CX-8

Ndiyo, ni gari lile lile lililoniumiza. Halikuwa na kosa; kosa lilikuwa kwangu na kwa aliyelitumia kabla yangu. CX-5 ya dizeli ilianza Japani 2012 ikiwa na nguvu farasi 175 na toki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 420. Mwaka 2018 injini ikaboreshwa ikawa na farasi 190 na Nm 450, ile ile iliyokuja na CX-8 mwishoni mwa 2017. Kwa gari la cc 2200, hiyo ni toki ya kumpita mtu mlimani huku ukipiga soga.

CX-5 ni ya watu watano. Ukiwa na watoto watatu na dada wa kazi, tafuta CX-8 yenye safu tatu. Siti za nyuma zinatosha vijana, siyo mjomba mwenye tumbo. Chini imeinuka vya kutosha kwa mashimo ya kawaida, ila siyo gari la kuvukia mto.

Kwenye stiki ya oili ya Mazda hizi kuna alama ya chini, alama ya juu, halafu juu zaidi kuna herufi X. Oili ikifika kwenye X, maana yake dizeli imeingia nyingi na oili imwagwe. Wauzaji wengi hawaijui alama hiyo. Wewe ijue. Na weka oili iliyotengenezwa kwa injini zenye DPF, yenye alama ya DL-1 au C3 kwenye dumu. Oili ya lori, hata iwe ya bei gani, inaacha majivu ambayo chujio haliwezi kuyachoma.

2. Toyota Land Cruiser Prado 2.8

Kama bei isingekuwa kitu, ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Spea unazipata mpaka Tunduma, fundi anaijua hata akiwa amefumba macho, na ukiiuza baada ya miaka mitano bado watu wanagombania. Injini ya 2.8 (1GD) ilichukua nafasi ya 3.0 (1KD) mwaka 2015 na inatumia cheni, siyo mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kwa muda wake. Ya 3.0 bado zipo nyingi mitaani. Ukiinunua, uliza mkanda ulibadilishwa lini, na fundi akague nozeli kama hazivujishi kwenye viti vyake, maana masizi yanayopenya hapo yanakwenda kuziba wavu unaofyonza oili chini ya injini.

Watu wanasema Toyota haina matatizo ya DPF. Huko Australia wamiliki wa Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 waliipeleka Toyota mahakamani kwa sababu ya chujio hilo hilo. Tena Prado ya 2.8 iliyotoka Japani ina tanki dogo la pili la AdBlue, maji ya urea ya kupunguza sumu kwenye moshi. Yakiisha ukazima gari, haliwaki tena mpaka uongeze. Yanauzwa mijini, safari ndefu beba dumu lako.

Jirani zetu wa Kenya wana la ziada: dizeli inayozidi cc 2500 inaangukia kwenye daraja la juu la ushuru wa bidhaa. Prado inaingia humo, CX-5 haingii.

3. Toyota Fortuner na Isuzu MU-X

Hizi ni pikapu zilizovaa suti. Chesisi ya chuma, injini zilizozoea shida. Nyingi ya zile zilizouzwa mpya kwa masoko ya Afrika hazina vifaa vingi vya kusafisha moshi kama DPF, kwa hiyo kwa mtu wa vijijini ni chaguo zuri. Hakikisha tu kwa kuangalia chini ya gari, usiamini maneno. Ubaya ni kwamba zinarusha. Mama yangu alipanda Fortuner siti ya nyuma kutoka Korogwe hadi Chalinze, aliposhuka alisema bora angepanda basi. Halafu siti za safu ya tatu za Fortuner zinakunjwa kuelekea ubavuni na kula nafasi ya mizigo. Gunia moja la mchele linakuwa mgogoro.

4. Mitsubishi Pajero 3.2

Pajero ya dizeli ya toleo la mwisho iliuzwa Japani kuanzia 2008 hadi 2019 ilipostaafu. Ni gari la kiume, lina siti saba, na safu ya tatu inazama sakafuni kabisa. Bei yake ni nafuu ukilinganisha na Prado ya mwaka huo huo, na sababu ni kwamba watu wanaogopa. Woga huo una msingi: cheni ya taimingi inalegea, na ikianza kugonga asubuhi wakati wa kuwasha, usiahirishe. Kaboni kwenye njia ya hewa nayo ni kawaida. Ukiwa na fundi wa Mitsubishi unayemwamini, ni ofa nzuri. Ukiwa huna, pita.

5. Nissan X-Trail 20GT

Injini yake ya lita mbili ni ya Renault, tamu sana kwenye safari. Ya gia za kukanyaga klachi ilianza Japani 2008 na ya otomatiki ikafuata 2010. Shida ni umri. Za karibuni kabisa ni za 2015, kwa hiyo Kenya haziruhusiwi tena kuingia kwa kanuni yao ya miaka minane, na hapa Tanzania zinabebeshwa ushuru wa uchakavu. Kabla hujaagiza gari lolote la zamani, ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uone kodi. Mara nyingi utakuta gari la mwaka wa juu linakuja kwa tofauti ndogo tu.

BMW X3 za dizeli za zamani na Discovery zinavutia kwa bei. X3 nyingi za 20d zenye injini ya N47 zina cheni upande wa nyuma wa injini, na kuibadilisha vizuri kunataka injini ishushwe. Sina la kuongeza.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, mtu amekwishaliamsha ili usione linavyohangaika; rudi siku nyingine alfajiri.

Kisha chomoa stiki, tazama, nusa. Washa. Moshi mweupe kidogo unaoisha ni kawaida. Unaoendelea dakika kadhaa ni nozeli au kompresheni, yaani injini haigandamizi hewa vizuri. Wa bluu ni oili inaungua, mara nyingi turbo. Mweusi mzito ukikanyaga, hewa haitoshi au nozeli zinamwaga. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinachezacheza, injini imechoka.

Sasa ingiza kidole kwenye bomba la ekzosi, gari likiwa limepoa. Gari lenye DPF nzima linaacha kidole karibu kisafi. Kikitoka cheusi tii kama umeshika sufuria ya kuni, basi chujio limetobolewa au limepasuka, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Gereji nyingi zitakushauri na wewe utoboe. Mimi sipendi; moshi ule wanauvuta wanao wakiwa wamesimama nyuma ya gari wakisubiri mkoba wa shule.

Lipa pia mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Asisome taa za hitilafu tu; asome kiasi cha masizi kwenye DPF na umbali tangu lijisafishe mara ya mwisho. Gari linalojisafisha kila baada ya kilomita hamsini linakuambia lina shida.

Mafuta

Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki ilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Japani ni 10. Kwa hiyo hata mafuta halali ya hapa ni machafu kidogo kuliko yale gari lilizoea, achilia mbali yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Jaza kwenye sheli zenye magari mengi, dai risiti, badilisha filta ya dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, na mwambie fundi ayatoe maji yaliyojikusanya kwenye filta hiyo kila sevisi.

Na jambo la mwisho, ambalo hakuna yadi itakayokuambia. Wahudumu wa sheli wakiona CX-5 au X-Trail wanajua ni petroli, kwa sababu nyingi ni petroli. Mimi limenikuta Kibaha: naongea na simu, kijana ameshatia lita sita. Bahati nzuri sikuwa nimewasha. Ukikuta hivyo, usiguse hata swichi, tanki limwagwe pale pale. Siku unayolichukua gari lako, kabla hujaenda kuwaonyesha ndugu, pitia kwa watu wa stika pale barabarani, wakukatie neno DIZELI kwa herufi nyekundu, ulibandike ndani ya mfuniko wa tanki.