Miaka mitatu nikimwita jike: uzoefu wangu wa kumpima chatu jinsia

Nyoka wangu ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa na kuficha kichwa katikati. Nilimchukua akiwa kinda, nikaambiwa ni jike, nikampa jina la Kidawa. Alipotimiza miaka mitatu akagoma kula. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka zikafika 11. Panya wa kugandishwa nimemyeyusha vizuri, nimempasha joto, yeye anamnusa tu kisha anampita na kuendelea kuzunguka usiku kucha, pua yake ikisukuma mlango wa kizimba. Tena alikuwa mdogo. Jike wa umri wake nilitarajia awe amevuka gramu 1,500, lakini mizani yangu ilikuwa imegota kwenye 1,100. Nililaumu joto, nikalaumu panya, mwisho nikajilaumu mwenyewe kwamba namnyima chakula.

Mfugaji mwenzangu ndiye aliyeniuliza, "Kwani una hakika gani kwamba huyo ni jike?"

Sikuwa na hakika yoyote zaidi ya neno la aliyeniuzia, ambaye alimbonyeza mkia siku chache baada ya kuanguliwa. Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii. Nyoka dume ana viungo viwili vya uzazi, vimelala ndani ya shina la mkia, vimegeuzwa kama vidole vya glavu vilivyosukumwa ndani. Kwa kinda, mkono uliozoea ukibonyeza taratibu kuelekea kwenye tundu la haja, viungo hivyo huchomoza ukaviona kwa macho. Vikichomoza, umemaliza. Visipochomoza, hujajua kitu, maana dume aliyekaza misuli hatoi chochote, na aliyembonyeza ataandika "jike". Nyoka akishakuwa mkubwa njia hii haifai tena: mkia una nguvu, na kulazimisha ni kumuumiza.

Nilijaribu kumkagua mwenyewe. Mkia wa dume kwa kawaida ni mrefu na mnene pale shinani, wa jike hupungua ghafla. Niliutazama wa Kidawa jioni nzima na kila nikitazama napata jibu jingine, kwa sababu sikuwa na mwenzake wa kumlinganisha naye. Vile vijikucha viwili kando ya tundu, mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake, havikunisaidia. Kwa chatu wa aina hii hata majike wanavyo, na urefu wake si wa kutegemea.

Nikafikiria kipimo cha vinasaba, kwa kuwa unatuma tu kipande cha gamba alilojivua na nyoka mwenyewe haguswi. Maabara niliyowaandikia walinijibu vizuri kwamba orodha yao ina nyoka wa mahindi (corn snake), aina nyingine inayofugwa, na jamaa zake, chatu hayumo. Sababu yake ilinivutia sana. Kwa nyoka wa kundi lile, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, Z na W, kama kuku. Kwa muda mrefu ilidhaniwa nyoka wote wako hivyo, mpaka mwaka 2017 watafiti walipoonyesha kwamba chatu na boa waliowachunguza wana X na Y, na asiyefanana ni dume. Kipimo kinachotafuta W kwa chatu kingekuwa kinatafuta kitu ambacho hakipo.

Ikabaki kijiti cha kupimia: kinaingizwa mkiani kupitia tundu la haja, na kwa dume huzama mbali zaidi kwa sababu kinaingia ndani ya kiungo kile kilichogeuzwa, kisha kina chake huhesabiwa kwa magamba ya mkia. Nilitafuta daktari wa mifugo anayetibu nyoka kila siku, na hapa ndipo ninapoisifu huduma hii kwa moyo wote. Kwanza alichagua kijiti cha chuma kinacholingana na mwili wa Kidawa, ncha yake butu na laini kama punje ya mtama. Chembamba kupita kiasi, alisema, kinaweza kutoboa nyama ya ndani, na hapo jike atasomeka dume. Msaidizi alimshika amenyooka juu ya taulo. Daktari alikipaka jeli ya kulainisha, akakiingiza kwenye tundu kuelekea nchani mwa mkia, kando kidogo ya mstari wa katikati, akikizungusha kwa vidole viwili. Hakusukuma hata mara moja. Kilipogota aliweka ukucha wa gumba pale kwenye tundu, akakichomoa, akakilaza juu ya tumbo la mkia na kuhesabu magamba kwa sauti.

Matatu. Moyo wangu ukatulia: jike basi.

Yeye hakutulia. Alisema mkia umekaza, akamfunika taulo, tukasubiri kama dakika kumi bila kumgusa. Safari ya pili kijiti kiliteleza bila kizuizi. Alihesabu mpaka tisa. Upande wa pili, tisa tena. Majike wa chatu huyu kwa kawaida huishia magamba 2 hadi 4. Kama angekuwa mtu wa haraka, ningerudi nyumbani na kosa lilelile kwa mara ya pili.

Lawama yangu ni moja: chumba cha kusubiri ni hichohicho cha mbwa. Tulikaa karibu saa nzima huku wakibweka hatua mbili kutoka kwenye boksi lake, na naamini ule mkazo wa mwanzo ulitokea hapo. Naomba wanaowatibu nyoka watenge hata kona tulivu. Pia usikubali kumpeleka nyoka aliyekula jana. Mwache amalize kumeng'enya kwanza, la sivyo anaweza kutapika.

Kugoma kwake sasa kulieleweka. Dume wa aina hii aliyekomaa anaweza kuacha kula msimu wa kupandana ukifika, akawa anazunguka kutafuta jike, na daktari alithibitisha kwamba uzito wake ni wa kawaida kabisa kwa dume. Nimeacha kumlisha kama jike anayetakiwa kunenepa. Kadi ya kizimba imeandikwa upya: dume, kulia 9, kushoto 9. Wiki ya 14 alimdaka panya kabla sijamshusha vizuri, akamzungusha mizunguko mitatu, na mimi nikasimama pale nikiwa bado nimeshika koleo.