Bima ndogo au bima kubwa kwa gari ya app?

Wadau mnaopiga kazi za app (teksi za kuitwa kwa simu) hapa Arusha, bima ndogo inamlinda uliyemgonga, basi. Umeivaa Noah ya mtu pale Sakina, bima inamlipa mwenye Noah na majeruhi wake, ila bampa na taa ya IST yako utajuana mwenyewe na fundi wa Unga Ltd. Bima kubwa inatengeneza mpaka ya kwako, hata ikiibiwa au ikiungua, kasoro kile kiasi cha kwanza unachotoa mfukoni (hapo mawakala wengi wanapapita haraka haraka), na bei inaenda na thamani ya gari.

Ila balaa lenyewe liko hapa, ndogo au kubwa, kama umekatia matumizi binafsi halafu unabeba abiria wa kulipa, kampuni inapata sababu ya kukugomea, na yule aliyevunjika mguu siti ya nyuma atakudai wewe na bosi mwenye gari. Kata ya biashara, siti za abiria zilipiwe, kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) uone bima yako inasomaje.

Gari ya mkopo, chukua kubwa bila kuuliza. IST yako mwenyewe iliyoshachoka, mi naona ndogo ya biashara inatosha.