Albamu za Deftones: ipi uinunue kwanza?

Kama mfuko unaruhusu albamu moja tu ya Deftones, bendi ya muziki mzito wa metali kutoka Marekani, chukua White Pony ya mwaka 2000. Wengi watakuambia hivyo, nami nawaunga mkono, ila kuwa macho: ilitoka kwa mipangilio tofauti. Ile ya awali inaanza na "Feiticeira" na kufungwa na "Pink Maggit". Mwaka huohuo ikatolewa upya, "Back to School" ikabandikwa mwanzoni. Wimbo huo umetokana na "Pink Maggit" yenyewe, kwa hiyo unaonjeshwa mwisho kabla safari haijaanza. Geuza jalada usome orodha ya nyimbo kabla hujalipa. Mimi hela yangu naitoa kwa ile ya awali.

Ukifika nyumbani anza na "Digital Bath". Dramu za Abe Cunningham zinatangulia, Chino Moreno anaimba chinichini kama anamnong'oneza mtu aliyelala pembeni yake, halafu gitaa la Stephen Carpenter linashuka lote kwa mpigo mmoja. Bendi hii ya Sacramento, California, inaishi kwa mvutano huo: Carpenter ni mtu wa metali hasa, Moreno ana mapenzi ya tangu utotoni na Depeche Mode na The Cure, bendi za Uingereza zenye muziki laini zaidi, na kila mmoja anavutia kwake. Kamba ikilegea upande mmoja, albamu inapwaya.

Ya pili ni Diamond Eyes (2010). Novemba 2008 mpiga besi wao, Chi Cheng, alipata ajali mbaya ya gari. Hakurudi tena kwenye bendi, akafariki Aprili 2013. Wenzake walikuwa wamesharekodi albamu iitwayo Eros. Wakaiweka kando, wakamwita Sergio Vega ashike besi, wakaanza upya. Ungedhani wangetoa kilio kitupu. Walichotoa kina nuru ndani yake: gitaa zito la nyuzi nane, na katikati yake "Sextape" inaelea kama mtumbwi kwenye maji matulivu. Bado inanigusa.

Mpenzi wa muziki mzito avuruge mpangilio wangu, aanze na Around the Fur (1997). "My Own Summer" itamtosha kama salamu.

Koi No Yokan (2012) inafuata kwa karibu sana, hasa ukisikiliza kwa hedifoni usiku. Ohms (2020) ni nzuri, prodyuza wa zamani Terry Date amerudi. Gore (2016) kwangu imelegea upande wa gitaa. Adrenaline (1995) iache mwisho; sauti ya Moreno ilikuwa bado inatafuta njia.

Ukikutana na White Pony ya kuadhimisha miaka 20, ongeza hela kidogo uichukue. Inakuja na Black Stallion, nyimbo zilezile zilizochanganywa upya na wasanii wengine, na aliyepewa "Teenager" ni Robert Smith, mwimbaji wa The Cure.