Goti lilinitesa kwenye baiskeli, nikaenda kupimiwa: uzoefu wangu

Nitoe maksi mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Huduma yenyewe naipa nne kati ya tano, soksi ya goti niliyonunua kabla yake naipa mbili, na dawa ya kuchua siipi kitu maana inapasha ngozi joto tu basi. Huduma ninayoizungumzia ni ile unaenda na baiskeli yako na viatu vyako, mtu anakupima mwili, anakupima tena ukiwa juu ya baiskeli unakanyaga, halafu anarekebisha siti, usukani na kliti (kile kidude kinachofungwa chini ya soli ya kiatu kinachokamata pedeli) mpaka baiskeli ikukae.

Goti langu lilikuwa linauma kwa mbele, palepale kwenye pia ya goti na chini yake kidogo. Kwenye tambarare sawa tu, shida ilikuwa mlimani, na ajabu yake ni kwamba likitulia kwenye baiskeli linaamka baadaye nikishuka ngazi au nikikaa muda mrefu nimekunja mguu, yaani ukitaka kuinuka unaanza kutafuta pa kushika kama mzee. Halijavimba, halijawahi kukwama, halilegei, ni kuuma tu. Nayataja haya kwa makusudi maana kama lako limevimba, au linakwama halikunjuki, au linakuachia ukisimama, au limeanza baada ya kuanguka, basi hii huduma siyo mahali pako pa kuanzia, nenda hospitali kwanza watu waliangalie.

Soksi ya goti tuimalize haraka. Ile ya kubana, ya kitambaa kinachovutika. Inatia joto na unajisikia kama kuna mtu amelishika goti, hiyo raha ipo kweli, ila ikifika mlimani maumivu yanarudi palepale, na nyuma ya goti pale inapojikunja inasugua ngozi mpaka inakuwa nyekundu. Kwa kutembea nyumbani sina ubaya nayo. Kwa baiskeli haigusi chanzo, sababu mguu bado unakunjika vilevile kila mzunguko, na mizunguko yenyewe siyo michache jamani, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika hiyo ni mara 5,400 kwa saa moja kwa kila goti. Kasoro ndogo ya milimita chache ukiizidisha mara hizo ndiyo unaelewa kwanini mtu anaumia bila kuanguka popote.

Sasa huduma. Nilidhani nikifika naambiwa panda juu tuanze, kumbe hapana, jamaa alikaa na mimi kwanza maswali tu. Unaendesha wapi, mlima au tambarare, umewahi kuvunjika, unafanya kazi ya kukaa au kusimama. Halafu akaniambia kitu kimoja nilikipenda, "weka kidole kimoja pale panapouma". Akanieleza kwamba sehemu inayouma ndiyo inayompa njia ya kuanzia: likiuma mbele anaangalia siti kuwa chini sana au mbele sana na giya nzito, likiuma nyuma ya goti anashuku siti ipo juu sana mguu unajinyoosha kupita kiasi, likiuma ubavuni ndani au nje anaanza na kliti, vile mguu unavyoelekea na upana wa kukanyaga. Siyo sheria ya kila mtu, alisema mwenyewe, ila ni pa kuanzia.

Baada ya hapo nikalazwa kitandani, ananinyanyua mguu mmoja mmoja kuona misuli ya nyuma ya paja inavutika kiasi gani, anazungusha nyonga, anapima kama miguu inalingana, anaangalia nikisimama vidole vya miguu vinaelekea wapi. Vyangu vinaelekea nje kidogo, hasa wa kulia, na goti linaloniuma ni hilohilo la kulia. Hii sehemu ya kitandani usikubali irukwe. Kama umefika sehemu wanakupandisha kwenye baiskeli moja kwa moja bila kukugusa mguu wala kukuuliza kitu, hao wanapima baiskeli, hawakupimi wewe.

Baiskeli ikafungwa kwenye stendi, nikabandikwa alama kwenye nyonga, goti na kifundo, kamera pembeni, nikaambiwa kanyaga kawaida usijifanye. Nikipumzika anasimamisha pedeli ikiwa chini kabisa, anaweka kipima pembe kwenye goti. Lilikuwa limekunjika nyuzi 43. Kipimo kinachotumika sana ukiwa umesimamisha mguu hivyo ni nyuzi 25 mpaka 35, kwa hiyo siti yangu ilikuwa chini sana, na ilikuwa hivyo tangu inatoka dukani, wanakuwekea ufikishe miguu chini ukiwa umekaa, unajisikia salama, kumbe goti ndilo linalipa. Siti ikiwa chini goti linajikunja zaidi, na kadiri linavyojikunja huku unasukuma ndivyo pia ya goti inavyogandamizwa kwenye mfupa wa paja. Hapo ndipo mlimani panapouma. (Angalizo, ukipimwa huku unakanyaga kwa kamera namba inatoka juu kidogo kuliko ukipimwa umesimama, sasa usije ukachukua namba ya video ukailinganisha na hiyo 25 mpaka 35 ukaanza kuogopa bure.)

Kufika nyuzi 33 ilihitajika kupandisha siti kama sentimita mbili na nusu hivi. Hakupandisha zote! Alipandisha moja na nusu akaniambia iliyobaki utaongeza mwenyewe kidogokidogo, milimita chache chache, sababu misuli na kano za nyuma zimezoea kule chini, ukizivuta ghafla unatoa maumivu mbele unayahamishia nyuma. Pia paipu ya siti imelala, haijasimama wima, kwa hiyo ukipandisha siti inarudi na nyuma hapohapo, ikabidi aangalie upya nafasi ya mbele na nyuma. Kwa hilo alitumia timazi, ileile ya mafundi ujenzi, mikono ya pedeli (kranki) ikiwa imelala usawa mmoja anaishusha kutoka mbele ya goti anaona inaangukia wapi kwenye ekseli ya pedeli. Kuna watu wanaiamini hiyo timazi kama dini, yeye akasema ni alama tu ya kuanzia, akaisogeza siti nyuma kidogo na kunirudisha kukanyaga.

Kwa asiye na uwezo wa kwenda kupimiwa, hesabu aliyonipa ya nyumbani ni hii, ni ya kitambo na inahusishwa na Greg LeMond yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara tatu: simama ukutani bila viatu, banisha kitabu katikati ya miguu juu kabisa kama unakalia, pima kutoka kitabu mpaka sakafuni, zidisha kwa 0.883. Ikitoka sentimita 80 basi ni 70.6, hiyo ni kutoka katikati ya ekseli ya kranki mpaka juu ya siti, pima kwa kufuata paipu ya siti. Inakusogeza karibu, haikufikishi, maana haijui urefu wa kranki zako (kuna 165, 170, 175 milimita) wala unene wa soli ya kiatu chako. Nyingine rahisi zaidi ni kuweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Nyonga zikianza kucheza kulia kushoto ujue umepitiliza juu.

Kliti ndipo nilipojifunza zaidi na sikutegemea kabisa. Mguu wangu wa kulia unataka kuelekea nje, kliti ilikuwa inaulazimisha uangalie mbele, sasa kwa kuwa kiatu kimefungwa na nyonga imefungwa kwenye siti, kinachobaki kujipinda ni goti. Akailegeza akaizungusha mpaka kiatu kikaelekea mguu unakotaka. Halafu kuna suala la uhuru, yaani kliti inakuruhusu kisigino kicheze nyuzi ngapi kabla haijaachia, na hapa rangi zina maana lakini zinachanganya vibaya sana. Za Shimano za barabarani njano inacheza nyuzi 6, bluu 2, nyekundu haichezi. Za Look Keo nyekundu ndiyo inacheza kuliko zote nyuzi 9, kijivu 4.5, nyeusi haichezi. Kwa hiyo mtu akikwambia "epuka nyekundu" muulize kampuni gani! Na hizi kliti za Shimano haziingii kwenye pedeli za Look Keo, wala za Look kwenye za Shimano. Kama unapanda na raba za kawaida kwenye pedeli bapa haya yote yaruke, mguu wako unajitafutia wenyewe.

Kingine ni giya. Aliangalia video akasema mlimani unasukuma polepole sana kwa nguvu nyingi. Hii wengi tunaipenda, giya nzito inakufanya ujione una mapaja. Ila hesabu yake ni rahisi, kwa mwendo uleule ukitoka mizunguko 60 kwenda 90 kwa dakika, nguvu ya kila kanyago inapungua theluthi nzima. Mapafu yatalalamika badala ya goti, na mapafu yanazoea haraka. Nikafungiwa seti ya giya za nyuma iliyo nyepesi zaidi, yaani yenye lile gurudumu kubwa la meno la mlimani, na kusema ukweli hiyo peke yake nadhani imenisaidia karibu sawa na siti.

Mabingwa wenyewe magoti yamewaweka chini, tusijione sisi ndio wabovu. Bernard Hinault, yule bingwa wa baiskeli Mfaransa, mwaka 1980 aliondoka Tour de France akiwa amevaa jezi ya njano, anaongoza kabisa, sababu ya goti, na 1983 hakushiriki kwa sababu ya goti tena. Alirudi akashinda tena 1985. Yule alikuwa na timu nzima nyuma yake, sasa mimi na wewe tunaoendesha baada ya kazi.

Matokeo? Siyo muujiza. Mlima wa kwanza baada ya kupimwa niliona tofauti lakini makalio na nyuma ya mapaja viliuma kwa namna mpya, ni misuli iliyokuwa imelala inaamshwa. Goti limepoa taratibu kwa wiki kadhaa, na kilichomalizia siyo baiskeli bali mazoezi. Jamaa alisema wazi yeye siyo daktari, akanielekeza kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, nikaona huyu mtu ana heshima ya kazi, wengine wangekushikilia. Huko nikapewa mazoezi ya kuimarisha mapaja na nyonga: kulala chali unanyanyua kiuno, kuchuchumaa nusu, kushuka kwenye kidaraja kwa mguu mmoja polepole goti lisiingie ndani. Yanachosha na hayana raha yoyote, nikiyaacha wiki mbili goti linanikumbusha.

Maksi moja niliyonyima sababu zake ni hizi. Kwanza walijaribu kuniuzia siti mpya na soli za ndani za viatu, na nilipouliza zinatibu nini kwenye goti langu majibu yakawa mengi lakini hayaeleweki, nikakataa na goti limetulia bila hivyo. Pili karatasi ya vipimo niliyopewa mwishoni imejaa namba na michoro mizuri ya kompyuta lakini hakuna hata mstari unaosema namba ipi ilibadilika kutoka ngapi kwenda ngapi, ikabidi nirudi kuomba. Tatu taa na kamera nyingi nyingi zile zinavutia macho ila kazi kubwa niliyoiona ilifanywa na kipima pembe, timazi, alenkii na mtu anayejua kuangalia, kwa hiyo usichague sehemu kwa sababu ya mitambo.

Ukienda, uliza kabla ya kulipa kama kurudi kwa marekebisho kumo kwenye bei, maana kurudi utarudi tu. Nenda na kaptula na viatu unavyoendeshea siku zote, siyo vipya. Ukitoka zungushia utepe kwenye paipu ya siti pale inapoingilia kwenye fremu na chora mstari kuzunguka kliti kwa kalamu ya wino usiofutika, siku mtu akiazima baiskeli akashusha siti au kliti zikiisha ukafunga nyingine unajua pa kurudishia. Na ukibadilisha viatu au pedeli pima upya urefu wa siti, soli nene kidogo tu inatosha kukurudisha kwenye nyuzi ulizozikimbia.