Kununua Kifaa cha Kupulizia Jelikoti kwa Viraka Vidogo vya Boti ya Faiba

Boti za faiba zimeenea pwani yetu, kuanzia zile za kuvulia samaki wakubwa Watamu na Malindi hadi zile zinazobeba wageni Unguja na Mafia, na kila mwenye boti ya namna hiyo hufika siku akaikuta imechubuka ubavuni kwa kugonga gati, au imekwaruzwa na mwamba maji yalipokupwa. Mara nyingi kilichoumia si faiba yenyewe bali jelikoti, yaani lile tabaka la nje lenye rangi na mng'ao linalozuia maji kupenya ndani. Anayekwenda dukani kutafuta kifaa cha kuipulizia huuziwa bunduki ya rangi ya gari, kwa sababu jelikoti ikiwa koponi hufanana na rangi. Kwa tabia haifanani nayo hata kidogo.

Rangi nyingi hukauka thina inapopaa, ilhali jelikoti huganda kwa kuchanganywa na hadena, yaani kemikali ya kuigandisha, kwa kawaida gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100, na tangu hadena inapoingia fundi ana dakika 10 hadi 20 tu, ambazo joto la kaskazi huzipunguza zaidi. Isitoshe, ni nzito, na inatakiwa ikae kwa unene wa karibu nusu milimita, ambao ni mara kadhaa ya unene wa rangi. Basi kabla ya kuuliza bei, uliza mambo mawili: je, kifaa hiki kitapitisha kitu kizito hivyo, na je, kitaweza kuoshwa au kutupwa kabla jelikoti haijagandia ndani? Mpangilio wangu umejengwa juu ya maswali hayo.

Nafasi ya kwanza naipa bunduki ya kikombe, ile ambayo jelikoti huchanganywa katika kikombe cha karatasi, nacho kikombe hicho hicho hupachikwa juu ya bunduki na kutupwa kazi ikiisha. Njia ya kupitia jelikoti ni fupi na pana, na nozeli zake hubadilishwa, kutoka takriban milimita 2 hadi 6. Kwa viraka vidogo chagua iliyo karibu na milimita 2.5. Hupuliza jelikoti bila kuipunguza uzito, kwa hiyo unene unaotakiwa hupatikana kwa mipito michache, na kuiosha ni suala la kupitisha asetoni kidogo na kusugua ncha kwa brashi. Upungufu wake ni kwamba haipulizi laini kama bunduki ya rangi: uso hubaki na vipele kama ganda la chungwa, nao utahitaji msasa. Lakini kiraka cha jelikoti hupigwa msasa kwa vyovyote, hivyo sioni kuwa hasara hiyo ni kubwa.

Ya pili ni chupa ya kupulizia yenye gesi yake, ambayo Preval ndiyo inayojulikana zaidi: kichwa chenye gesi hufungwa juu ya kichupa cha kioo, na kompresa haihitajiki kabisa. Kwa mwenye boti moja anayeziba mikwaruzo mara moja au mbili kwa mwaka, hii naiweka mbele hata ya bunduki ya kikombe, maana hununui kompresa wala mpira wa upepo. Sharti lake ni kwamba jelikoti ipunguzwe uzito, kwa stairini (kimiminika kilichomo tayari ndani ya jelikoti) isiyozidi asilimia 10 au kwa kilainishi maalumu cha jelikoti kama Duratec, kisha ipakwe kwa tabaka nyembamba kadhaa, moja baada ya nyingine. Ukibonyeza mfululizo, kopo la gesi hupoa mkononi mpaka likatoa unyevu kwa nje, na mpulizo hudhoofika na kuanza kutema matone makubwa. Pumzika kidogo lipate joto, kisha endelea.

Bunduki ya kawaida yenye kikombe juu, ile ya HVLP (ya upepo mwingi wenye shinikizo dogo), naiweka ya tatu, na hapo ni pale tu inapokuwa na nozeli ya milimita 2 hadi 2.5, si ile ya 1.3 au 1.4 inayouzwa pamoja nayo kwa rangi ya gari. Inatoa uso mzuri kuliko zote, lakini inataka upepo mwingi, mara nyingi lita 300 kwa dakika au zaidi, na kompresa ndogo ya tangi la lita 25 haiwezi kuihudumia kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo ina sindano, pakingi na vijia vyembamba vingi. Niliwahi kuiweka ya kwangu chini ili nisogeze tepu iliyobanduka, na niliporudi sindano ilikuwa imeshikamana na nozeli. Asetoni haikufua dafu, kwa sababu jelikoti iliyokwisha kuganda haiyeyuki tena.

Bunduki ndogo za kugusia, zenye nozeli ya milimita 1 hivi, pamoja na vile vipulizio vyembamba vya wachoraji, sivipendekezi. Ili jelikoti ipite humo hulazimu kuipunguza kupita kiasi, na jelikoti iliyozidishwa asetoni hubaki dhaifu na yenye vitundu.

Usinunue kifaa kikubwa kwa kuogopa upungufu. Kiraka cha sentimita 30 kwa 30 kwa unene wa nusu milimita kinahitaji mililita 45 tu, na hata ukihesabu inayopotea hewani, mililita 100 zinatosha. Kwa tundu dogo kuliko sarafu, kijiti na mkono mtulivu vinatosha.

Fedha inayobaki iende kwenye kichujio cha maji cha kompresa, kwa kuwa upepo wetu wa pwani una unyevu mwingi na tone moja huacha doa katika kiraka. Kwenye barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwani barakoa ya kitambaa haizuii stairini. Na kwenye miwani ya kufunika macho, maana MEKP, ambayo ndiyo hadena ya jelikoti, ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Hadena hiyo isichanganywe kamwe na asetoni. Nunua pia PVA, kimiminika kinachokauka na kuwa utando, ya kupulizia juu ya tabaka la mwisho, kwa sababu jelikoti isiyo na nta hubaki ikinata inapoguswa na hewa. Ikishaganda chini ya PVA, utando huo huoshwa kwa maji, na msasa wa maji namba 400 unaweza kuanza kazi.