Saa ya kuhesabu hatua kwa anayepunguza uzito: angalia namba ya kalori kabla hujalipa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu saa janja na bangili za mazoezi ni yale yale. "Dada, natembea kila siku, hatua zinatimia, chakula naandika, saa inasema nimechoma kuliko nilichokula, lakini mzani haushuki." Wengi wanajilaumu. Wengine wameshaambiwa na watu wao wa karibu kwamba wanakula kwa siri. Nimezipitia picha za skrini wanazonitumia moja baada ya nyingine, na mara nyingi mtu hana kosa lolote. Kosa liko kwenye namba moja pale kwenye kioo ambayo hakuna muuzaji anayejisumbua kuieleza.

Kwa hiyo rangi ya mkanda, kuingia majini na kupima usingizi sitavigusa. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Kisichoandikwa ni hiki: je, saa inakuonyesha kalori ulizochoma kwa kujishughulisha, au inakuonyesha kalori zote, pamoja na zile ambazo mwili ungezitumia hata ungelala kitandani mchana kutwa?

Tofauti yake ni kubwa. Chukua mwanamke wa miaka 40, urefu sentimita 160, uzito kilo 80. Mwili wake ukiwa umetulia tu, kwa kupumua, kusukuma damu na kutunza joto, unatumia takriban kalori 1,400 kwa siku. Saa inayojumlisha kila kitu huanza kuhesabu saa 6 usiku. Akiamka saa 12 asubuhi anakuta tayari amechoma kama 350, na mguu haujagusa sakafu. Anaona kazi imeanza vizuri, anajiruhusu kifungua kinywa kizito. Kumbe zile 350 zilishahesabiwa wakati programu ya chakula ilipompangia kiasi cha kula kwa siku. Anazila mara mbili.

Halafu kuna zile anazochoma kweli. Kutembea kilomita 5 kunamwongezea mtu wa kilo 80 kama kalori 200 juu ya zile za mapumziko. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia vina zaidi ya hizo. Na hata hizo 200 saa haizipimi, inazikisia kwa kutumia umri, jinsia, urefu, uzito uliojaza siku ya kwanza, mapigo ya moyo na jinsi mkono unavyocheza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi. Sita kati ya hivyo vilipima mapigo ya moyo vizuri, kosa likiwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Rudia kusoma hiyo. Kilicho bora kilikosea kwa zaidi ya robo.

Sasa piga hesabu. Saa ikikuzidishia kalori 150 kwa siku na wewe ukazila kwa imani, kwa wiki saba umekula kama 7,350. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Karibu kilo nzima ambayo ingeondoka haikuondoka, na hukuvunja sharti hata moja. Ndiyo maana hainishangazi kwamba utafiti uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2016, uliofuatilia vijana 471 kwa miezi 24, ulikuta waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua wastani wa kilo 3.5, na wenzao wasiopewa wakapungua kilo 5.9. Wote walikuwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi. Sitadai kwamba sababu ni hii ninayoisema, lakini mtu asikuuzie saa kwa kukuahidi kwamba kuivaa tu kutakupunguza.

Kwa kigezo hicho cha kutenganisha kalori za shughuli na za jumla, hivi ndivyo ninavyozipanga saa zenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Garmin, na sifichi kwamba naipendelea. Kwa mtu ambaye shida yake ni uzito, bangili yao ya vivosmart 5 inatosha kabisa. Ndani ya programu yao, Garmin Connect, kalori za mapumziko zinakaa peke yake na za shughuli peke yake, kisha jumla. Hakuna kubahatisha. Jambo la pili linalonifanya niipende ni lengo la hatua linalojirekebisha lenyewe: ukiwa mtu wa hatua 4,000, halikurushii 10,000 usoni, linakupandisha kidogo kidogo kadiri unavyoweza. Hiyo 10,000 yenyewe haikutoka hospitalini. Chanzo chake ni kampuni ya Japani iliyoanza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee, wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba faida ya kuishi muda mrefu ilianza kuonekana kwenye hatua kama 4,400 na haikuongezeka sana baada ya 7,500. Wanaokata tamaa kwa sababu hawafiki 10,000 wanaonewa bure.

Vivosmart 5 ina kasoro zake. Kioo ni kidogo na hakina rangi, haina GPS yake mwenyewe, inategemea simu. Betri inafika hadi siku saba. Kinachoniudhi ni kwamba mwaka 2025 Garmin nao walianzisha huduma ya malipo ya mwezi, Connect+. Mambo ya msingi bado ni bure na hulazimiki kulipia, lakini nimeona njia hii ilikowapeleka wengine na siipendi.

Ya pili ni Apple Watch SE, kwa wenye iPhone tu. Duara jekundu kwenye kioo chake linahesabu kalori za shughuli pekee, na jumla inaonyeshwa kando. Kwa upande wa uwazi wa namba, imefanya vizuri sawa na Garmin. Nimeishusha kwa sababu betri yake inadumu kwa muda wa saa 18 tu. Saa inayokaa kwenye chaji haihesabu hatua.

Ya tatu ni Fitbit Inspire 3. Nyepesi, betri hadi siku kumi, programu rahisi hata kwa mtu asiyependa teknolojia. Lakini hii ndiyo mfano wa ninachokilalamikia: kalori inazokuonyesha mbele ni za jumla, kuanzia saa 6 usiku. Ukiinunua, lijue hilo. Tena Google walipokamilisha kuinunua Fitbit mwaka 2021, haikupita muda mrefu wakaondoa mashindano ya hatua kati ya marafiki, Machi 2023. Watu walikuwa wakitembea jioni ili tu wasipitwe na dada zao, na kitu hicho kikafutwa.

Za bei nafuu, kama Xiaomi Smart Band, zinahesabu hatua vya kutosha. Nunua kwa hatua, kalori zake zipuuze. Na kama simu unatembea nayo mfukoni, hatua inazihesabu bure.

Kuhusu wauzaji nina neno. Kuna mmoja, simtaji, aliyesimama mbele yangu kwa ujasiri kabisa akiniambia bangili yake inapima sukari ya damu bila kutoboa kidole. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo wazi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akiiamini namba ile akajidunga dawa, anaweza kupoteza maisha. Muuzaji anayekudanganya kwenye sukari, ya kalori atakuambia ukweli kwa lipi? Omba saa iwashwe mbele yako, mwambie afungue ukurasa wa kalori, muulize hizi ni za shughuli au za jumla. Akibabaika, ondoka.

Na programu za chakula nazo zimeanza kubana. MyFitnessPal mwaka 2022 walihamishia kwenye malipo ile huduma ya kusoma msimbo wa pakiti kwa kamera, iliyokuwa bure miaka mingi. Mimi nawaelekeza watu Cronometer. Na kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu kati ya saa na mzani wa jikoni, nunua mzani. Kijiko cha mafuta kwa kukadiria na kijiko cha mafuta kilichopimwa ni vitu viwili tofauti.

Kama saa umeshanunua na ni ya kujumlisha, usiitupe. Tenganisha saa na programu ya chakula, ili isikuongezee kalori za kula. Badilisha uzito kwenye wasifu wako kila unapopungua, maana saa inayodhani bado una kilo 80 ilhali una 72 itaendelea kukuzidishia. Ukisukuma toroli la bidhaa au la mtoto, mkono hautikisiki na hatua zinapotea, basi ivue uiweke mfukoni. Zitazame hatua za wiki nzima pamoja na mzani. Baada ya wiki tatu au nne bila mabadiliko, punguza kidogo kwenye sahani, hata kama saa inasema unaruhusiwa kuongeza.