Uzoefu wangu na ABX ya foobar2000: nilidhani nasikia, kumbe ni voliumu

foobar2000 nimeitumia miaka mingi kuskiza muziki kwa laptopu lakini hii ABX yake, jaribio la kuskiza bila kujua ni gani inacheza, nimeianza juzi tu, na enyewe imebadilisha venye naskiza. Nilienda Luthuli, pale Nairobi kwa maduka ya vifaa vya umeme, nikanunua kale kadude ka USB ka kutoa sauti, kanaitwa DAC, nikakachomeka kati ya laptopu na wufa, nikaingia Windows kwa ile namba ya sampuli za sauti kwa sekunde nikatoa 48 kHz nikaweka 44.1 ndio ilingane na ya CD, nikawasha na manze besi ikajaa nyumba, magitaa ya benga yakaachana kila moja likaskika peke yake. Nikamwita dadangu. Akaskiza kidogo akaniuliza, "Lakini kaka, si ni sauti tu umeongeza?"

Hilo swali lilinikosesha usingizi, na alikuwa na ukweli. Kadude kalikuwa kanatoa sauti juu kidogo kuliko tundu la hedifoni la laptopu, na tofauti ikiwa ndogo hivyo, kama desibeli moja, sikio haliambii hii iko juu, linakwambia hii ni safi, hii iko na besi. Besi ndio hudanganya zaidi juu sikio huiskia vizuri vile voliumu inapanda.

Sasa ABX. Unaipa faili mbili, A na B, halafu inakuchezea X ambayo ni moja kati ya hizo na we ndio useme ni gani, unarudia. Unaweka ReplayGain, ile ya kusawazisha sauti za faili, zilingane voliumu. Kitu napenda zaidi ni kwamba unaruka kutoka moja hadi nyingine palepale wimbo umefika, maana kumbukumbu ya sauti haikai, sekunde chache na tofauti ndogo imepotea, ile ya kubadilisha seti ukawasha wimbo upya hapo unalinganisha na kitu ushasahau. Nilipima FLAC, ile faili isiyopoteza kitu, na MP3 iliyobanwa sana ya 128 kbps, nikapata 15 kwa 16, matoazi yalikuwa yanakwaruza. MP3 ya 320, isiyobanwa sana, nikapata 9, na ukibahatisha tu unapata kama 8, ukitaka kusema unaskia kweli angalau fika 12. Fanya usiku na hedifoni, mchana hapa kwetu honi za matatu hazikuachi.

Shida yake ni moja, inalinganisha faili tu, haiwezi kukupimia vifaa. Kwa DAC ilibidi dadangu anisaidie, tukacheza toni moja tukalinganisha voliumu na mita ya fundi ya kupima umeme, nikageukia ukuta yeye akawa anabadilisha waya kati ya kadude na tundu la laptopu bila kuniambia. Laptopu ikiwa kwa betri nilipata 5 kwa 10, yaani siskii chochote. Tukachomeka chaja nikapata 10 kwa 10, tena bila kufikiria, juu tundu la laptopu lilianza kuvuma na kutoa vimilio kila nikisogeza mausi na kadude kalikuwa kimya kabisa. Kwa hivyo kanabaki hapo mezani, kazi yake ni wakati nachaji. Ile 44.1 niligeuza faili moja ikawa 48 nikaipima na ABX, 7 kwa 16, nikaachana nayo.